Mkeka wa Mama Kwenye Turubai la Kampeni

Mwanza, Jumapili mchana

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana kiti changu kimevunjika mguu tangu wiki iliyopita na nimekuwa nikikitazama tu bila kukipeleka kwa fundi. Mwili wangu hauna shida. Ninakula, ninalala, ninaamka. Naomba hali yenu huko Nanganga iwe nzuri kuliko hiyo. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Zile dawa za presha anazinywa mwenyewe, au bado anamgawia jirani kila jirani akisema kichwa kinamgonga? Na mgongo wako, baada ya kuokota korosho wiki zote hizi bila msaidizi? Nauliza hivyo kwa kuwa najua mwaka huu umeokota peke yako, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike.

Hapa kazini tumebaki watatu. Kampeni zilipokwisha bosi alituita akasema kazi imepungua, na wengine wakaambiwa wapumzike nyumbani. Siku hizi tunachapa kadi za harusi na vibao vya maduka ya dawa. Ziwa lipo palepale, mawe yapo palepale. Mama mwenye nyumba wangu ameng'olewa jino, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo na bado anagomba kama kawaida. Habari nyingine sina, na hata hizi nimezitafuta ili nisianze moja kwa moja.

Dada, ulinitumia ujumbe wa sauti ukasema: “Mfaume mdogo wangu, wewe kazi yako si ndiyo hiyo ya mapicha? Hebu tutafutie huko mjini, nani katengeneza picha hii. Tumjue tu. Akijulikana, mume wangu atarudi nyumbani.” Niliusikiliza nikiwa nimesimama kwenye duka la vocha, nikausikiliza tena ofisini, nikakujibu, “Sawa dada, nitaulizia.” Ni wiki ya tatu sasa nakuambia naulizia.

Hakuna wa kuulizwa. Picha ile nimeitengeneza mimi.

Nimeyaandika maneno hayo peke yake ili siku ya kikao cha ukoo, barua hii itakaposomwa kwa sauti, msomaji asiweze kuyaruka. Sasa nakueleza ilivyokuwa, mwanzo mpaka mwisho. Sikuelezi ili unionee huruma. Mjomba Issa atauliza maswali, na afadhali majibu yawe yameshaandikwa na yana saini yangu, kuliko haya mambo ya simu ambayo mtu anaweza kusema leo na kufuta kesho.

Kampeni ya safari hii ilikuwa ya mapicha. Zamani mgombea alitaka uso wake, jina lake na maneno mawili matatu ya ahadi. Safari hii walikuja na mambo yao. Mmoja alitaka asimame juu ya maji ya ziwa, amempakata sangara mkubwa kuliko basi, na ndani ya mdomo wa sangara kuwe na shule yenye bati jipya. Mwingine, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, alitaka tumweke ananyonyesha, na anachokinyonyesha kiwe ramani ya kata yake. Tulijadiliana nusu siku namna ramani inavyoshikwa. Kuna aliyetaka mpinzani wake amezwe na kenge, ibaki miguu tu nje, na viatu viwe vilevile anavyovaa huyo mpinzani kila siku, watu wavitambue. Tulitengeneza. Hakuna tulichokataa. Bosi alisema sisi tunachapa, kuchagua watachagua wenyewe wapiga kura.

Mwanzoni tulikuwa tunacheka mpaka tunashika matumbo. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka. Unakata kichwa cha mtu, unakibandika kwenye mwili wa simba, unasogeza shingo mpaka ikae, unakwenda kula. Ukirudi unakuta kichwa kingine kinakusubiri. Nakuambia haya ujue nilikuwa wapi baba alipofariki.

Uliponipigia asubuhi ile nilikuwa kwenye yule kenge. Ulisema, “Mdogo wangu, baba ametuacha. Wanazika saa kumi.” Kutoka hapa mpaka Nanganga ni siku mbili za basi. Ulijua, nami nilijua, ndiyo maana hukuniambia nije. Nilisema innalillahi, nikakaa, nikasubiri kilio. Hakikuja, dada. Nilisubiri kidogo tena, kisha nikamalizia meno ya kenge, kwa sababu mteja alikuwa anakuja kuichukua kazi yake saa nane.

Nilimwandikia mumeo Hamisi: “Shemeji, nipigie picha kidogo, nione tu wanavyompeleka.” Basi. Ulinisimulia mwenyewe kwamba watu walimkaripia pale, wakamwambia msiba haupigwi picha, naye akajibu kwamba ni kwa ajili ya mtoto wa marehemu aliye mbali. Alipiga kwa ajili yangu. Hili naomba lisomwe mara mbili mbele ya mjomba. Hamisi hakupiga kwa tamaa ya kitu chochote, alipiga kwa sababu shemeji yake alimwomba.

Picha moja kati ya zile ndiyo hiyo. Wanatoka uani kushika njia ya makaburini. Vumbi limepanda. Wamevaa kanzu na kofia, jeneza la msikiti liko mabegani, limefunikwa shuka la kijani, na chini ya shuka unaonekana mkeka wa mama. Mjomba Issa yuko mbele, mkono wa kulia. Nilizitazama picha zote, nikaweka simu kwenye chaji.

Unamkumbuka baba na picha. Hakuzitaka hata kidogo. Alipigwa ile ya kitambulisho tu, na siku ile alirudi amenuna, akasema wamemwamuru avue kofia. Kwenye harusi yako alijificha jikoni na wanawake mpaka mpiga picha alipoondoka. Haya nilikuwa nayajua. Sikusahau. Yalikuwa yapo kichwani kama vitu vinavyokaa stoo.

Arobaini yake pia sikuja, na niliwaambia bosi amekataa kunipa ruhusa. Bosi hakukataa. Sikumwomba.

Wiki chache baada ya mazishi alikuja ofisini mtu wa kampeni wa mgombea udiwani mmoja wa hapa. Mtu mpole, anaongea taratibu, kila kitu kwake ni naomba. Akasema, “Naomba tumzike Umaskini. Mgombea wangu yuko mbele, ameshika jembe, anacheka. Nyuma watu wamebeba jeneza, limeandikwa UMASKINI. Naomba mtu akipita asimame mwenyewe bila kuitwa.” Kazi ikapewa Deusi, mwenzangu wa meza ya pili. Deusi akatafuta mtandaoni, akapata jeneza la mbao linalong'aa na watu waliovaa suti, kwenye majani mabichi. Yule mtu akatikisa kichwa. “Hawa watu wa sinema. Naomba watu wa kwetu. Naomba vumbi.”

Deusi akanigeukia. “Oya Mfaume, vumbi tunalitoa wapi sasa?”

Nikasema, “Ninalo.”

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini niliposema neno hilo. Sikuwa nawaza. Mteja alitaka picha yenye vumbi na mimi nilikuwa na picha yenye vumbi. Ndivyo ilivyokuwa, na ningekuwa na jibu zuri zaidi ningekuandikia.

Nilikaa nayo siku moja na nusu. Kwanza niliondoa nyuso. Niliwakata wote mmoja mmoja kwa kufuata ukingo wa kofia na kidevu, nikaweka nyuso za watu nisiowajua, wanaocheka, kwa kuwa anayezika umaskini inabidi acheke. Mikono niliiacha, mikono ni kazi ngumu, vidole vinasumbua. Mkeka niliuacha kwa sababu ulipendeza. Shuka la kijani nikaligeuza jeusi, nikaandika UMASKINI kwa herufi nyeupe. Juu ya baba yetu, dada, nimeandika UMASKINI, halafu nikapima kama herufi zimekaa katikati.

Wenzangu walinipongeza. Bosi aliagiza soda. Na nilifurahi, hili nalo lisomwe. Nilifurahi kidogo, kama mtu yeyote aliyemaliza kazi na kazi ikapendwa.

Bango wakalitundika kwenye njia panda ninapopita kila siku kwenda kula kwa mama ntilie. Watu walisimama kweli. Wengine walijipiga picha mbele yake na wengine waligeuza nyuso. Kuna siku mzee mmoja alisimama, akainua mikono kuomba dua kabla hajasoma maandishi, kisha akasoma, akatema mate, akaenda zake. Mimi nilikuwa nakula wali na dagaa upande wa pili wa barabara. Nilimaliza sahani. Kila siku kwa mwezi mzima nimepita chini ya jeneza la baba, na kitu pekee nilichokuwa nakitazama ni kama jua limeanza kufubaza rangi.

Lingeishia hapo, lingebaki kati yangu na Mungu. Lakini sisi mafundi wa picha wa mikoa yote tuna kundi letu la simu, na msimu wa kampeni ndivyo tunavyofanya kazi. Mwenye kitu anakitupa kundini, mwingine anakiokota, anabadilisha kichwa na rangi, anachapa. Haulizwi mtu kimetoka wapi. Asubuhi moja fundi fulani akaandika, “Wakuu, nani ana mazishi?” Nikalitupa faili zima, likiwa wazi, mtu abadilishe atakavyo. Sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Siku chache tu nikaanza kuyaona mabango yake yakinirudia kwenye simu. Baba akabebwa na wagombea wa kila rangi. Kuna walioandika NJAA, kuna walioandika RUSHWA, kuna mmoja aliyeandika jina la mpinzani wake aliye hai. Na mmoja wao alikuwa huko kwenu, Nachingwea.

Yaliyofuata mnayajua nyinyi kuliko mimi, lakini nayaandika jinsi ulivyonieleza, ili mjomba aone kwamba nimeyaelewa.

Kampeni zilipokwisha, Hamisi alikuwa sokoni Nachingwea, akakuta mabango yanateremshwa na watu wanagombania maturubai. Mwenye kutaka la kuanikia makopa ya muhogo akachukua, mwenye kutaka la kufunika ufuta akachukua. Yeye akafikiria bafu la uani kwenu. Ule ua wa nyasi umeoza, na mama yuko eda, haifai jicho la mtu limwone anapooga. Akalileta, akalifunga kwenye nguzo kwa uangalifu, akageuza picha itazame ndani, majirani wasije wakasema nyumba ya msiba imegeuka tawi la chama. Hakulitazama. Nani anatazama bango la kampeni baada ya kampeni?

Mama akaingia kuoga na ndoo yake. Ulisema hakupiga kelele. Ulisema alikawia mpaka ukaingiwa na wasiwasi, ukamfuata, ukamkuta amesimama na kanga yake, hajajimwagia maji, kidole kiko kwenye mkeka. Akakuambia, “Ona hapa. Ukili huu wa tatu rangi iliniishia, nikamalizia mweupe. Huu wangu huu. Somoe mwanangu, huu mkeka wangu.” Wewe ukafikiri ni akili ya msiba. Akaitwa mjomba Issa. Akaingia bafuni na viatu, akausogelea mkono ulioshika mti wa jeneza, mkono usio na kidole cha mwisho, na kila mtu Nanganga anajua panga lililokichukua kidole kile. Juu ya bega kulikuwa na kichwa cha mtu mwingine, kinacheka.

Nani alipiga picha msibani? Hamisi. Nani kaleta turubai? Hamisi. Mjomba hakuhitaji kufikiri zaidi. Akasema, “Huyu mkwe ametuuzia msiba wetu.” Na mjomba akishasema neno juu ya watoto wa dada yake, hata baba angekuwa hai asingelipinga. Hamisi akaambiwa arudi kwao Kiegei mpaka siku mama atakapotolewa eda. Siku hiyo ukoo utakaa, ndoa yenu itajadiliwa, na sote tunajua kikao kinachoitwa kwa namna hiyo huwa kinaishia wapi. Ulisema ulimshika mkono ukamwuliza, “Uliuza? Kama hukuuza, sema basi, nisikie.” Akakaa kimya. Ulisema kimya kile kimekuumiza kuliko turubai.

Sasa nisikilize, dada. Hamisi alinitumia mimi peke yangu picha zile. Hakumtumia mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo alijua. Alijua tangu mjomba alipotoka bafuni.

Jioni ya siku ile alinipigia simu. Hilo sikukuambia. Tulisalimiana, akauliza habari za kazi, halafu akasema, “Shemeji, ile picha ya mazishi, uliwahi kumpa mtu?”

Nikamwambia, “Hapana.”

Nilisikia kuku nyuma yake, na sauti yako ukimfukuza mbuzi. Akasema, “Haya shemeji. Kazi njema.” Kesho yake akaenda Kiegei.

Angeweza kusema neno moja tu na angelala kwake. Sijui kwa nini hakulisema. Labda alikuona ulivyokuwa unamlilia baba akaona usipewe na la kwangu. Labda alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na siku zikapita akiitazama barabara. Ninachokijua ni kwamba nilisema hapana, na baada ya kusema hapana nilirudi kwenye kadi ya harusi niliyokuwa natengeneza, nikachagua maua.

Naona haya, dada. Nalisema wazi kwa sababu sina uhakika kama linaonekana. Haya yangu haichomi kama ile ya utotoni. Imekufa ganzi kama mguu ulioulalia. Unaupiga, unaona kabisa kiganja kinagonga, na mguu hauna habari. Kuna mchana nilikwenda kukaa ziwani kwenye mawe, nikasema leo nitamlilia baba, nikae mpaka kilio kije. Nilikaa mpaka nikasikia njaa, nikaondoka.

Kilichonitoa hapo nilipokuwa ni ujumbe wako wa Alhamisi. Ulisema mlitaka kulishusha lile turubai mlichome moto, mama akasimama mlangoni mwa bafu akakataa. Nimeyaandika maneno yake jinsi ulivyoyasema: “Mimi sikumwona anavyokwenda. Sisi wanawake tulibaki ndani, nikasikia miguu yao tu inaondoka. Hapa namwona anavyokwenda. Huyo aliyefanya haya, mkimpata, msimpige. Mwambieni anirudishie nyuso za watu wangu. Hawa wanaocheka mimi siwajui.”

Nilikujibu “sawa dada,” kama kawaida yangu. Lakini jana nilikwenda ofisini, nikaifungua picha yenyewe, ile aliyoileta Hamisi kabla sijaigusa. Hakukuwa na cha kutengeneza. Nyuso zote zipo. Ndipo nikaona kwamba sikuwahi kuzitazama hata siku moja. Siku ile nilipozikata, nilikuwa natazama ukingo tu, kofia inaishia wapi, shavu linaanzia wapi.

Mjomba Issa analia. Mdomo wake uko wazi kabisa na machozi yameingia kwenye ndevu. Sisi tumekua tunamwogopa mzee yule, tulikuwa tunabadilisha njia tukisikia kikohozi chake, na siku ile alikuwa analia barabarani mbele ya watu wote kwa ajili ya shemeji yake. Nyuma yake jirani yetu amefumba macho. Mwalimu wa madrasa midomo yake imeshikwa katikati ya neno. Mimi ndiye niliyewatoa watu hao nikaweka vicheko.

Sikulia hata hapo, nisikudanganye. Nilishindwa tu kubonyeza mashine ichape. Deusi akanibonyezea. Akatazama picha inavyotoka taratibu, bila mgombea, bila maandishi, akaniuliza, “Mwanangu, hii ndiyo ile?” Nikamwambia ndiyo. “Nani huyo anayezikwa?” Nikamwambia. Deusi ni mtu wa maneno mengi, unamjua nilivyokusimulia. Alichukua jaketi lake akaenda nyumbani.

Picha hiyo imo ndani ya bomba la plastiki lililokuja na barua hii. Imechapwa kwenye kitambaa, haitachanika. Mpe mama mkononi mwake. Akitaka aitundike chumbani, akitaka aikunje aifiche kwenye sanduku, na kama mwalimu wa madrasa atakuwa na neno juu ya kutundika picha, basi alimalize na mama mwenyewe. Lile turubai jingine, mama akishalichoka, mjomba alichome kwa mkono wake.

Kuhusu mimi, mjomba atasema, nami nitalifuata atakalolisema. Akisema nije nikae mbele ya kikao, nitapanda basi siku hiyohiyo. Akisema nisikanyage tena Nanganga, nitakaa huku, na mama akitaka kusikia sauti yangu utampigia wewe. Sitaomba nipunguziwe. Ila kwa Hamisi pasiwe na kikao, kwa sababu hakuna la kukalia. Na usimtumie mtu, wala usimpigie simu. Panda gari mwenyewe uende Kiegei, ukamchukue mumeo mbele ya watu wa kwao. Mwambie, lile swali aliloniuliza nilimjibu uongo. Jibu lake ni ndiyo.

Nisalimie mama, umshike miguu kwa niaba yangu, umwambie aliyefanya haya amepatikana na ni wa kwake. Msalimie mjomba Issa kama ataipokea salamu yangu, na asipoipokea usimbembeleze. Shangazi aliyewapikia watu siku zote za msiba, mwambie nasikia alivyochoka na ninamshukuru. Jirani wa dawa za presha naye msalimie, umwambie atafute za kwake. Msalimie mama mkwe wako kule Kiegei, mama yake Hamisi, na kwake nenda na unga na sukari kama anavyostahili mtu aliyekosewa, umwambie mwanawe hakutukosea kitu chochote, sisi ndio tuliomkosea.

Kuna moja limebaki. Wewe ndiye uliyenilea mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, na kila nilichovunja katika nyumba ile ulisema umekivunja wewe. Ulichapwa kwa ajili ya chungu, kwa ajili ya redio, kwa ajili ya ile baiskeli ya mjomba. Kwa hiyo najua ukifika hapa umeshaanza kufikiria pa kuificha barua hii, na namna utakavyomwambia mjomba kwamba fundi wa picha hakupatikana. Usijisumbue, dada. Nimeiandika mara mbili. Ya pili ni hii hii, neno kwa neno, imekuja kwa basi hilohilo, na juu ya bahasha nimeandika jina la mjomba Issa. Unaposoma hapa, yeye ameshavaa miwani.

Ni mimi mdogo wako,
Mfaume